Dakika za Kutangulia

Jumapili, 1 Juni 1975

Ukungu tangu alfajiri, haukuondoka hadi saa saba mchana. Nimenunua daftari hili kwa sababu moja: mwaka jana sikuwa na ushahidi.

Nitaieleza mara moja tu nisirudie. Klabu yetu ya mbio hapa ghubani haianzishi watu pamoja. Mzito huanza kwanza, mwepesi huanza mwisho, ili wote wafike wakiwa wamekaribiana na asijulikane mapema nani atashinda. Kila mtu huandika kwenye kadi muda anaotegemea kutumia. Kisha Mwalimu Tidwell, aliyefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na mmoja, huketi na kadi zetu na kugawa dakika za kutangulia.

Mwaka jana, maili kumi, niliandika saa moja na dakika 12. Nikakimbia saa moja, dakika 12 na sekunde 4. Garrett Pruitt, daktari wa meno, alisomewa hesabu ya dakika 62, kwa hiyo kwa kadi ile nilistahili kumtangulia kwa dakika kumi. Nilipewa nane. Pruitt akanipita karibu na utepe wa kumalizia, akanishinda kwa sekunde 11. Nilipomuuliza Tidwell zile mbili zimekwenda wapi, alisema, "Adelino, hesabu yangu ni hesabu yangu."

Niliingia nchi hii na miaka kumi na mitano na begi moja. Leo nina karakana ya majokofu ya boti za jodari hapa Point Loma na mafundi watatu. Sikufika hapo kwa kuridhika na majibu ya namna hiyo.

Jumanne, 3 Juni

Ukungu. Tidwell ametangaza kitu kipya: tarehe 6 Septemba, kukimbia maili sita, kisha baiskeli maili tano, kisha kuogelea yadi 600 kuvuka mkono wa ghuba, yote mfululizo bila kupumzika. Watu walicheka. Mmoja aliuliza kama mwishoni mtu anapewa nishani au jeneza.

Mimi sikucheka. Pruitt hukimbia vizuri lakini sijawahi kumwona juu ya baiskeli. Nimejiandikisha. Safari hii nashinda, na nashinda kwa tofauti ambayo hakuna mtu ataweza kuigusa kwa penseli.

Shida ni kuogelea. Dwight Amundsen, tarishi wa posta, tunayekimbia naye kila Jumanne mwaka wa nne sasa, amesema atanifundisha. Mwenyewe ni mwokoaji wa kujitolea pale ufukweni kwa miaka ishirini.

Nilimwambia mke wangu Lurdes nikila.

"Kuogelea?" alisema. "Kwenye ukoo wenu? Baba yako kavua jodari miaka thelathini na alikuwa akioga kwa kopo."

Kweli. Baba alisema kujua kuogelea kunamwongezea mtu dakika za kuhangaika kabla ya kuzama, basi.

"Dwight atanifundisha, tena bure."

"Na yeye anapata nini?"

 Nimelala na swali hilo.

Jumanne, 10 Juni

Bwawa la mjini. Yadi 25. Nusu ya bwawa nimeinywa.

Jumanne, 17 Juni

Ukungu. Yadi 50 bila kusimama. Dwight alinipima kwa saa ya mbio, kisha akaandika kwenye kijitabu chake kidogo. Nilimuuliza anaandika nini. "Maendeleo yako, bwana. Usiniangalie hivyo."

Jumanne, 24 Juni

Yadi 200. Kabla hata sijatema maji, Dwight: "Dakika ngapi mpaka sasa, unahisi? Ukienda zote mia sita?" Nikasema sijui. Akaandika hivyo hivyo.

Jumapili, 29 Juni

Tulitoka kanisani, Lurdes akataka mkate mtamu, tukapita kwenye ule mgahawa wa kona. Kwenye meza ya dirishani: Dwight na Mwalimu Tidwell. Dwight alichomoa kijitabu, akachana karatasi, akampa. Tidwell akaisoma kidole kikishuka mstari kwa mstari, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Si rafiki yako yule?" Lurdes alisema.

"Ndiye."

"Ingia umsalimie basi."

"Twende nyumbani."

Sasa najua yeye anapata nini. Au sijui anapata nini, lakini najua anatoa nini.

Jumanne, 1 Julai

Dwight: "Dakika ngapi sasa?" Nikamwambia ishirini na tano. Kwa kweli ni kumi na tisa.

Jumamosi, 5 Julai

Jua la kwanza la maana. Nimefanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya zamani. Nimeegesha gari la karakana karibu na njia ya ghubani ambako wenzetu hukimbia mmoja mmoja, nikakaa ndani na saa yangu. Kati ya nguzo ya tatu na kibanda cha boti ni maili moja kamili, nimeipima kwa gurudumu.

Pruitt siku za klabu hukimbia maili kwa 6:25. Leo, akidhani yuko peke yake: 6:02. Wakili mmoja mwenye tumbo, ambaye Alhamisi alikuwa akishika kiuno na kuguna: sekunde 40 chini ya alichojiandikia. Nimewapima saba. Saba wote wanaficha mwendo.

Mwaka jana mimi peke yangu ndiye niliyeandika kweli, na mimi peke yangu ndiye niliyekatwa.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata bwawa jingine National City, mji wa jirani, ambako hakuna anayenijua. Linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nitakwenda kila siku isipokuwa Jumapili. Jumanne nitaendelea kuzama mbele ya Dwight.

Jumanne, 15 Julai

Nimefunga bandeji gotini. Nimewaambia linauma. Nimekimbia nyuma ya kundi nikichechemea kidogo, si sana. Kuchechemea sana ndiko kunakowafumbua watu macho.

Tidwell aliliangalia goti lile kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Alhamisi, 17 Julai

Dwight amekuja karakana na barua zake begani, akatoa chupa ya dawa ya kuchua. "Mke wangu kaitengeneza. Pilipili, kafuri, na kitu kingine hataki kusema. Kuna joto tu, au limevimba?"

"Joto tu."

"Hebu nione."

Nikamwambia nina wateja. Hakukuwa na mteja. Huyu ametumwa kuangalia bandeji.

Ijumaa, 25 Julai

National City, yadi 600: 16:10.

Jumanne, 29 Julai

Kwa Dwight: 23.

Jumanne, 5 Agosti

Joto. Kompresa ya boti moja imekufa, nimeshinda chini ya sitaha. Sikwenda kuogelea. Dwight alipiga simu kuuliza kwa nini. Anauliza sana.

Jumamosi, 16 Agosti

National City: 14:20. Mikono 528 kutoka ukuta wa kwanza hadi wa mwisho. Nahesabu kila mkono. Dakika zinategemea nani ameshika saa, mikono ni yangu.

Jumanne, 26 Agosti

Siku ya kadi. Muda wangu wa kweli: mbio 41, baiskeli 17, kuogelea 14. Jumla 72. Nimeandika: mbio 45 (goti), baiskeli 21 (goti), kuogelea 22. Jumla 88.

Dwight alisoma juu ya bega langu. "Kwa hiyo utafika majini dakika ya sitini na sita. Una hakika?"

"Wewe unataka nini na dakika yangu ya sitini na sita?"

"Nauliza tu, Adelino."

"Ndiyo. Sitini na sita."

Akaandika kwenye kijitabu.

Jumanne, 2 Septemba

Ukungu umerudi. Tidwell amesoma dakika. Pruitt anaanza mwisho kabisa, kwa hesabu ya dakika 66. Mimi naanza kwanza kuliko wote, dakika 22 mbele yake. 88 toa 66. Hakukata hata moja.

Nimekaa na hili jioni yote. Mwaka jana kadi ya kweli alikata mbili. Mwaka huu kadi ya uongo ameipokea nzima. Lurdes anasema nimshukuru Mungu nikalale. Mimi nasema Tidwell si mtu wa kutoa kitu bure. Kuna pahali amepanga kuzichukua.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika jioni ya siku hii hii.

Saa moja kamili asubuhi niliachiwa. Ukungu mzito, mtu wa hatua thelathini humwoni. Nilichechemea mpaka nilipopita kibanda cha boti, nikaifungua ile bandeji nikaitupa kwenye pipa la taka, nikaanza kukimbia. Nilikimbia maili sita kwa dakika 40. Baiskeli niliiendesha nikiwa nimelala juu ya usukani, dakika 16 na nusu. Nilifika kwenye maji dakika 56 na nusu tangu nianze. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilijaribu kusikiliza nyayo, sikusikia hata moja.

Ukingoni alikuwapo Mwalimu Tidwell peke yake, amesimama kando ya gari lake na ubao wa kuandikia. Aliponiona alitazama saa, akanitazama, akatazama saa tena.

"Umepitia wapi?"

"Njia yote. Muulize mtu uliyemweka konani."

"Adelino, subiri. Dwight na wenzake wa mbao za kuokolea hawajaingia. Wanatoka ng'ambo, wanafika saa mbili na dakika moja."

"Dakika tano."

"Nne na nusu. Kaa hapa nne na nusu. Nitazirudisha mwishoni, nitaziandika."

Hapo ndipo nilipoliona, au nilidhani nimeliona. Mwaka jana mbili, mwaka huu nne na nusu, na "nitaziandika". Kwa penseli gani?

"Hesabu yako ni hesabu yako, Mwalimu," nikamwambia, na nikaingia majini.

Alipiga kelele nyuma yangu. Sikugeuka.

Mikono mia ya kwanza ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuogelea. Mia mbili niliinua kichwa kutafuta bendera ya machungwa ya ng'ambo. Nyeupe tupu. Nikageuka kutafuta ukingo niliotoka. Nyeupe tupu vilevile. Nikajiambia: mikono 528, haijalishi unaona au huoni, ukuta uko mwisho wa hesabu. Mia tatu. Mia tatu hamsini.

Kisha nikasikia honi ya gari. Fupi tatu, ndefu moja. Kimya. Fupi tatu, ndefu moja. Ilitoka nyuma, upande wa kushoto. Kwa hesabu yangu ukingo wa Tidwell ulipaswa kuwa nyuma yangu moja kwa moja. Nikawaza, ameliondoa gari pale alipokuwa. Analipeleka kando ili anipoteze, niogelee kwa upinde, nimalize dakika zangu zote majini. Sasa nikisoma nilichoandika naona mtu aliyefikiri hivyo ni wa kufungiwa ndani. Lakini nilifikiri hivyo, tena kwa utulivu, nikiendelea kuhesabu.

528. Hakuna kitu. Nikashusha mguu, hakuna chini. 560. 600. 640.

Na hapo maji yakaninyanyua.

Kidogo tu, kama mtu anavyoinua kitoto kilicholala. Yakanishusha. Yakaninyanyua tena. Nimeishi na watu wa boti maisha yangu yote. Ndani ya ghuba maji hayamnyanyui mtu. Yanamnyanyua kwenye mlango wa bahari, pale maji yanapokupwa na kutoka na kila kilichoelea juu yake. Sikuwa nikivuka. Nilikuwa nikienda nje.

Honi: fupi tatu, ndefu moja. Sasa ilikuwa mbali.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuamini. Hesabu yangu iliyosema ng'ambo iko mbele, karibu, na ushindi uko juu yake. Na honi ya mtu niliyemshuku mwaka mzima, iliyosema rudi. Kurudi kulikuwa kushindwa, nilijua hivyo hata mdomo ukiwa umejaa chumvi. Nilitoa mikono mingine ishirini kuelekea mbele. Naiandika hiyo ishirini kwa sababu ni kweli. Kisha nikageuka.

Dhidi ya maji yanayotoka mtu hahesabu. Nilijaribu, nikapoteza hesabu kwenye tisini na kitu. Honi haikukaribia wala haikuacha. Baba alikuwa sahihi kuhusu zile dakika za kuhangaika. Mikono ikawa ya mtu mwingine.

Halafu ubao ukatokea kwenye weupe na juu yake Dwight, amepiga magoti, analia au anatokwa jasho.

"Shika. Usipande, shika tu."

Nikashika.

"Uliniambia sitini na sita," alisema.

Nikatema chumvi.

"Nimetafuta katikati, Adelino. Nilikutafuta katikati kwa sababu uliniambia sitini na sita na ishirini na mbili. Kwa mwendo ule usingekuwa hata umefika katikati. Bahati umeanza kurudi, nikasikia unavyopiga maji."

Alinikokota hadi kwenye honi. Gari la Tidwell lilikuwa palepale lilipokuwa, mlango wazi, na Tidwell mkono wake juu ya usukani. Hakuacha kupiga mpaka nilipokanyaga mchanga.

Wengine wote walivuka. Ameshinda Pruitt.

Jumapili, 7 Septemba

Nimelala. Lurdes ametengeneza sopas, mchuzi wa nyama wa kwetu unaomwagiwa juu ya mkate. Akaniwekea sahani ya pili bila kuombwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Mwalimu Tidwell amekuja karakana. Niliwatuma mafundi wakapate kahawa. Alikaa juu ya kasha la mabomba.

"Nimekuja kukueleza zile dakika mbili," alisema. "Kadi zote huwa nazikata. Maili kumi, dakika mbili kila mtu; hata ile 62 ya Pruitt ilikuwa imeshakatwa. Ni za uongo. Miaka sita nakata, na miaka sita watu wanafika pamoja vizuri kabisa."

"Mimi sikudanganya."

"Najua. Nililigundua usiku wa siku ile. Ulikosea kwa sekunde nne. Miaka sita hakuna mtu aliyewahi kukosea kwa sekunde nne. Nikaona haya kukwambia, nikakujibu kwa ukali. Ni makosa yangu."

Nikamuuliza, ingawa nilishaanza kulijua jibu: "Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nimekata kadi zote isipokuwa yako."

Kompresa mbovu ilikuwa ikinguruma nyuma, nikaenda nikaizima. Niliporudi nikamuuliza kuhusu karatasi, ile ya mgahawani. Alishangaa kwamba niliiona.

"Orodha ya waogeleaji dhaifu. Nani anahitaji ubao karibu yake, na atafika majini dakika ya ngapi. Dwight aliianza mwezi wa sita. Jina lako lilikuwa la kwanza."

Alhamisi, 11 Septemba

Ofisi ya fukwe imeandika barua. Mtu aliingia majini bila mlinzi, nani alisimamia ulinzi? Kwenye fomu ya kibali kuna sahihi ya Dwight. Wanataka kumwondoa kwenye waokoaji wa kujitolea, miaka ishirini yote. Tidwell anasema Dwight amejibu kwa mstari mmoja: alikosea muda.

Hakukosea muda.

Nilimpigia. Alipokea mkewe. "Amelala," alisema, na ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeandika barua kwa ofisi ya fukwe, kurasa mbili, nambari zote. Lurdes amesoma. "Hapa umeandika 'inaonekana kulikuwa na tofauti ya muda'," alisema. "Tofauti imetoka wapi, imeota?" Nimeandika upya. Nusu ukurasa.

Jumanne, 16 Septemba

Mkutano wa klabu, ukumbi wa nyuma ya kanisa la Kilutheri. Tidwell alisoma barua ya ofisi. Pruitt akasema ni jambo la kusikitisha, lakini Dwight angeweza kuwa makini zaidi. Dwight alikuwa ameketi karibu na mlango, koti mwilini, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe atoke.

Nikasimama. Mimi si msemaji, nilikuwa na karatasi.

"Kadi yangu ilisema mbio arobaini na tano," nilisoma. "Nilijua ni arobaini na moja. Baiskeli ishirini na moja, nilijua ni kumi na saba. Kuogelea ishirini na mbili, nilijua ni kumi na nne. Goti halikuwa na kitu. Dwight aliniuliza kila Jumanne tangu Juni, na tangu Julai kila Jumanne nilimdanganya. Mwalimu aliniambia nisubiri, nikaingia. Mlinzi alifika kwa wakati. Mimi ndiye sikufika kwa wakati niliousema. Nimeiandikia ofisi hivyo hivyo, barua imeondoka jana."

Nikakaa. Kiti kililia.

 Kisha yule wakili mwenye tumbo, bila kusimama sawasawa, akasema, "Mimi nne. Kwenye kukimbia."

"Nne nini?" Tidwell aliuliza.

"Nne nilizoongeza, Mwalimu. Usinifanye nizirudie."

Tidwell akachukua penseli. Mama mmoja wa nyuma akasema mbili na nusu, lakini mwezi Mei tu. Mwingine akasema tatu, na baiskeli moja. Watu wakaanza kucheka, wakawa wanapishana kusema, kama wanaogombea nyama ya mwisho. Tidwell anaandika tu, hainui uso, masikio mekundu.

Dwight alipita mbele yangu akitoka. Alisimama. "Kumi na nne?" alisema.

"Kumi na nne na sekunde ishirini."

"Kwenye bwawa gani?"

"National City."

"Yule mkufunzi wa pale kakuharibia mkono wa kulia," alisema. "Nilikuona Jumamosi ile kabla sijakushika. Unayakata maji kama mtu anayepiga mlango." Akatoka. Hakunipa mkono. Wala sikuustahili kwa leo.

Tulikuwa watu kumi na tisa ukumbini, bila Tidwell na bila Dwight. Waliotaja nambari zao, pamoja na mimi, ni kumi na mmoja. Wanane walikuwa wakitazama viatu vyao, na Pruitt alikuwa mmoja wao.